Orion-Tr Smart 12/12-30 ndani ya HiAce: chaja nzuri inayodai hewa

Victron Energy, kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1975, ina jina kubwa miongoni mwa watu wanaogeuza magari kuwa makazi ya safari, na chaja yake iitwayo Orion-Tr Smart 12/12-30 hutajwa mara kwa mara pale mtu anapouliza namna ya kuchaji betri ya pili kwa kutumia altaneta, kile chombo kinachozungushwa na injini ya gari kutoa umeme. Kazi yake si ngumu kueleza. Inapokea umeme wa volti 12 kutoka upande wa injini, inaupandisha au kuushusha hadi kiwango ambacho betri ya pili inakihitaji, kisha inaipa betri hiyo chaji ya hatua kwa hatua, bila kuruhusu friji na taa za kambini zinyonye betri ya kuwashia gari. Kazi hiyo inaifanya vizuri, wala tathmini hii haibishani na hilo. Ninachotaka kukizungumzia ni joto, jambo ambalo karatasi ya vipimo vya chaja hii inalitaja kwa mstari mmoja tu, na ambalo kwa mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa katika mwezi wa Februari lina uzito kuliko mistari mingine yote ya karatasi hiyo.

Mstari wenyewe unaeleza kwamba chaja inafanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 55 za sentigredi, na kwamba kuanzia nyuzi 40 uwezo wake unapungua kwa asilimia 3 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Kwa lugha ya hesabu, chaja inayouzwa kwa jina la ampea 30, yaani kiasi cha mkondo wa umeme inaoutoa, inabaki na ampea 21 hewa inayoizunguka ikifika nyuzi 50, na ikifika nyuzi 55 inabaki na ampea 16 na nusu, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kile ulichokilipia. Ieleweke pia kwamba hizo si nyuzi zinazotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ni joto la hewa iliyogusana na chaja yenyewe, ndani ya kabati au chini ya kiti ilikofungwa, na mahali kama hapo nyuzi 45 zinapatikana saa nne asubuhi hata kama nje ni 32.

Sehemu kubwa ya joto hilo inatoka kwenye chaja yenyewe. Ufanisi wa toleo hili, lile ambalo upande wa kuingizia umeme umetengwa na upande wa kutolea, ni asilimia 87. Ili kutoa wati 360 inabidi ivute takriban wati 414, na zile 54 zilizobaki haziendi popote isipokuwa kwenye mapezi ya alumini ya mgongoni, na kutoka hapo kwenye hewa. Chaja haina feni. Inategemea hewa moto ipande yenyewe na hewa baridi iingie kutoka chini, utaratibu ambao hauhitaji kifaa cha kuharibika na ambao nauunga mkono, lakini unakubali pale tu ambapo hewa ina njia. Kuifunga chaja hii ndani ya boksi la plaiwudi lisilo na matundu ni sawa na kuwasha balbu ya zamani ya wati 60 ndani ya kabati la nguo na kufunga mlango.

Gari langu ni HiAce ya toleo la 200, aina ambayo Tanzania nzima inaifahamu kwa kazi ya daladala, na nililinunua likiwa limeshageuzwa kuwa gari la kulala. Aliyelitengeneza, ambaye simjui, aliiweka chaja ndani ya boksi la kukalia lililo nyuma ya kiti cha dereva, pamoja na inveta na betri ya lithiamu, na juu yake kukawa na nafasi ya kutunzia mablanketi. Ukitazama ramani ya nyaya utamwelewa, kwa sababu hapo ndipo karibu zaidi na betri ya mbele, na waya mfupi ni waya mzuri. Lakini HiAce ya aina hii ina injini chini ya viti vya mbele. Anayesafiri nayo mchana anajua jinsi sakafu ya eneo hilo inavyopata moto, kiasi kwamba abiria wa mbele hupenda kuinua miguu. Kuweka chombo kinachopoozwa kwa hewa tupu nusu mita nyuma ya injini ya dizeli ni kuanza safari kikiwa tayari kimeshachoka.

Hapa ndipo chaja hii inaponikera, na kero yenyewe ni ya muundo, haihusu chaja niliyonayo peke yake. Inapopunguza umeme kwa sababu ya joto haikwambii. Programu ya simu ya VictronConnect, ambayo kwa mambo mengine ni miongoni mwa programu bora za aina yake, inakuonyesha volti za kuingia, volti za kutoka na hatua ya kuchaji, lakini haikuonyeshi ampea, kwa kuwa Orion-Tr Smart haionyeshi kipimo cha mkondo inaoutoa. Utaona neno la kukujulisha kwamba betri inachajiwa kwa nguvu zote, na ni kweli inachajiwa kwa nguvu zote zilizopo, ila nguvu hizo zimeshuka kwa theluthi moja. Atakayejua ni yule aliyefunga SmartShunt au kipimo kingine cha betri, au aliye na mita ya kubana, ile inayobanwa juu ya waya ikasoma mkondo unaopita. Mimi nilitumia mita ya kubana. Tulipotoka Mbezi asubuhi na mapema ilisoma karibu na 30. Tulipokuwa ndani ya Hifadhi ya Mikumi mchana, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ilikuwa imeshuka chini ya 20, na mapezi ya chaja hayakuruhusu kiganja kitulie juu yake.

Mtu anaweza kuuliza kama ampea 10 zina maana yoyote. Kwa anayetembea mchana kutwa hazina maana kubwa. Saa nane za barabarani zitaijaza betri ya ampea-saa 100 kwa vyovyote vile. Wanaoumia ni wanaosafiri kwa vipande vifupi, wenye friji inayofanya kazi usiku na mchana, ambao wanategemea saa mbili za kuendesha ziwape ampea-saa 60 na wanashangaa kwa nini asubuhi ya tatu friji imezima. Mtu wa namna hiyo hulaumu betri, na huenda akanunua nyingine.

Suluhisho halikuwa la gharama. Mwongozo wa mtengenezaji unaelekeza chaja ifungwe wima, viunganishi vikiwa chini, juu ya sehemu isiyoshika moto, na iachiwe nafasi ya angalau sentimita 10 juu na chini. Maelekezo haya si mapambo. Wima ndio mkao unaoruhusu mapezi yafanye kazi ya bomba la moshi, hewa ikiingia chini na kutokea juu. Ukiilaza chaja sakafuni, hewa moto inaganda katikati ya mapezi. Niliihamishia kwenye ubavu wa gari, nyuma ya mlango wa kuteleza, juu ya bamba la alumini la milimita 4 lililoachana na plaiwudi kwa vipande vya bomba la chuma. Chini ya kabati nilitoboa njia ya kuingizia hewa kutoka upande wa ndani wa gari, si kutoka uvunguni, kwa sababu hewa ya uvunguni ni ya moto na ina vumbi, na barabara ya Ruaha haina huruma na vumbi. Juu nikaacha mwanya wa upana wa kiganja, nikauziba kwa wavu.

Kisha nikaongeza feni moja ya kompyuta ya milimita 120, ya volti 12, inayokula wati mbili hivi, pamoja na swichi ndogo ya joto inayojiwasha ikifika nyuzi 45. Vitu hivi viwili vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki vya Kariakoo kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Feni ipulize kutoka chini kwenda juu, isishindane na njia ambayo hewa moto inaitafuta yenyewe, na kwenye tundu la kuingizia ukiweka kipande cha sponji chembamba, kumbuka kukiosha, la sivyo kitakuwa kizibo. Tangu hapo, katika njia ileile na majira yaleyale, mita inasoma kati ya 28 na 30, hata mchana wa Ruaha Mbuyuni ambako mibuyu yenyewe inaonekana kuchoka.

Kwenye ubavu huohuo nina chaja ya sola, na hapa kuna jambo ambalo picha nyingi za magari yaliyofungwa vizuri zinalikosea kwa ajili ya urembo. Mafundi wanapenda kupanga vyombo vya bluu kimoja juu ya kingine kwa mstari ulionyooka. Chombo cha juu kinapokea hewa ambayo cha chini kimeshaipasha, na chaja za sola za Victron nazo zinatoa uwezo wao kamili hadi nyuzi 40 tu. Saa sita mchana, gari likiwa linatembea, zote mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Zipange kandokando, au angalau Orion iwe juu, kwa kuwa ndiyo yenye joto kubwa zaidi.

Nyaya nazo zina sehemu yake katika joto hili. Kwa kuvuta wati 414 kwenye volti 12, upande wa kuingizia unapitisha ampea kama 35. Katika njia ya mita 4 kwenda na mita 4 kurudi, waya wa shaba wa milimita za mraba 6 unapoteza takriban volti 0.8 na kugeuza karibu wati 28 kuwa joto, wakati ule wa milimita za mraba 16, ambao ndio mnene zaidi unaokubaliwa na viunganishi vya chaja hii, unapoteza volti 0.3 na wati 11 hivi. Tofauti hiyo inapatikana ndani ya mabomba ya plastiki na chini ya zulia, mahali ambapo hakuna anayeweza kuihisi. Kilicho hatari kuliko waya mwembamba ni kichwa cha waya kilichobanwa vibaya au skrubu iliyolegea kwa mitikisiko ya barabara, kwa maana hapo joto lote linajikusanya kwenye nukta moja. Plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia kando ya skrubu ni ishara ya kuzima kila kitu na kubana upya. Katika magari yanayokaa ukanda wa pwani, ambako chumvi ya hewa inaipa shaba rangi ya kijani ndani ya muda mfupi, ukaguzi huo ufanywe mara kwa mara.

Baada ya chaja kutulia, linabaki swali la altaneta, ambalo wauzaji wengi hawaligusi. Betri ya lithiamu ina ukinzani mdogo sana wa ndani, na ukiiunganisha moja kwa moja na altaneta kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, kama mafundi wetu wengi walivyozoea kufanya kwa betri za asidi, inaweza kuvuta mkondo wote ambao altaneta ina uwezo wa kuutoa, na kuendelea kuuvuta kwa muda mrefu. Altaneta haikutengenezwa kwa kazi ya namna hiyo. Feni yake ya ndani inazungushwa na mkanda uleule wa injini, hivyo injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, feni inazunguka polepole huku mzigo ukiwa palepale, na koili zinaungua. Ubora mkuu wa Orion-Tr Smart, kwa maoni yangu, uko hapa, kwani haiombi zaidi ya kile ilichopangiwa, hata betri iwe na njaa kiasi gani. Rilei ni rahisi na haitoi joto la maana, lakini joto inalolikwepa yenyewe inamsukumia altaneta, na altaneta ni ghali kuliko rilei.

Hata hivyo ampea 35 si kidogo kwa altaneta iliyosimama kwenye foleni ya Kimara, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na taa za mbele zinawaka. Chaja ina sehemu ya kuunganisha swichi ya mbali, na nimevuta waya mwembamba hadi kwenye dashibodi. Kwenye foleni naizima, barabara ikifunguka naiwasha. Nafanya hivyohivyo kwenye mlima wa Kitonga, ambako malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na hewa inayopita kwenye injini ni haba, ingawa pale altaneta inazunguka kwa kasi ya kutosha na naikubali hoja ya anayesema kwamba nazidisha tahadhari. Ningependa chaja yenyewe iniruhusu kupunguza mkondo hadi, tuseme, ampea 20 bila kuizima. Orion-Tr Smart hairuhusu. Ni 30 au hakuna.

Kuhusu betri sitasema mengi. Betri nyingi za lithiamu za aina ya LiFePO4 zinakubali kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na 45, nyingine zinaruhusu zaidi kidogo, na kidhibiti cha ndani kinakata chaji mipaka ikivukwa. Betri iliyokuwa inakaa boksi moja na chaja ilikuwa inapashwa na chombo kilekile kinachoichaji, jambo ambalo halina mantiki yoyote, na sasa iko peke yake upande wa kivuli. Wenye betri za asidi wana sababu kubwa zaidi ya kuhangaika, kwa kuwa umri wa betri hizo unapungua kwa takriban nusu kwa kila nyuzi 10 za nyongeza. Mpaka wa chini nao haupo Ulaya peke yake. Anayelala Kitulo au Makete mwezi wa Julai anaweza kuamka na kukuta umande umeganda juu ya majani, na betri ya lithiamu isiyo na kipasha joto haipaswi kuingiziwa umeme mpaka ipate joto.

Mwaka 2023 Victron walileta Orion XS 12/12-50A, na ukiitazama kwa jicho la joto utaona kwamba ni chombo cha kizazi kingine kabisa. Ufanisi wake unafika asilimia 98.5. Inatoa wati 700 na inapoteza wati 11 hivi, yaani inafanya kazi ya karibu mara mbili kwa moja ya tano ya joto. Uzito umeshuka kutoka kilo 1.8 hadi gramu 330 au zaidi kidogo, kwa sababu mapezi makubwa hayahitajiki tena. Inaonyesha ampea na wati kwenye simu, na inakuruhusu kuweka kikomo cha mkondo unaoingia na unaotoka. Kilichoachwa ni ule utengano wa umeme kati ya pande mbili, kitu ambacho gari lenye bodi ya chuma iliyounganishwa na hasi ya betri halikihitaji. Bei yake ni kubwa zaidi, nayo inabaki kuwa kikwazo cha kweli kwa anayelipia pia usafirishaji na ushuru.

Onyo langu kwa anayechagua XS ni kwamba joto lililotoka kwenye chaja halijatoweka lote. Ukiiacha kwenye ampea 50, altaneta ndiyo inayobeba mzigo, na katika HiAce ya zamani yenye altaneta iliyotembea kilomita nyingi, ningeweka kikomo cha kuingia kwenye 35 na kuiongeza kidogokidogo huku nikiipima altaneta kwa kipimajoto cha mwanga baada ya nusu saa ya mwendo. Anayejenga gari jipya leo na ana nafasi finyu, hasa kama nafasi yenyewe iko karibu na injini, anunue XS na asijute. Aliyekwisha kununua Orion-Tr Smart, na ana ukuta wenye upana wa mikono miwili unaopata hewa, hana sababu ya kuibadilisha. Feni na bamba la alumini vitamrudishia ampea zake zote, na dhamana ya miaka mitano ya mtengenezaji bado inamlinda, mradi maelekezo ya ufungaji yamefuatwa.